Ramani Inayojua Maji: Shajara ya Safari ya Mafia

Ijumaa, Mbagala hadi Kilindoni

Basi la Nyamisati, kwenye kivuko cha kwenda kisiwa cha Mafia, huondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, na ukijichelewesha kwa kikombe kimoja cha chai umelikosa. Tuko wawili: mimi ninayesanifu programu na mwenzangu anayeiandika. Begini tuna simu za bei ya chini, za aina ambayo mvuvi hununua bahari ikimnyookea wiki moja, powabenki mbili nzito, na bildi, ile kamba yenye risasi mwishoni ya kupimia kina. Bildi imewashangaza abiria kuliko simu.

Programu yenyewe tumeipika Dar es Salaam kwa miezi. Ni ramani ya bahari kwa manahodha wa vyombo vidogo: mashua, majahazi, boti za faiba, hata ngalawa. Inafanya kazi bila bando. Ukishaipakua pamoja na ramani ya pwani, simu inapokea ishara za setilaiti moja kwa moja na kukuonyesha ulipo, hata kama mnara wa simu umebaki nyuma ya upeo. Wengi hawalijui hilo. Wanadhani GPS inakula bando. Kinachokula bando ni picha ya ramani, na hiyo tumeshaihifadhi ndani.

Tulipoionyesha Dar es Salaam, kila mtu wa ofisini aliisifu. Watu wa ofisini hawavui. Nahodha wa Mafia anajua alipo bila kuambiwa, na ndiyo sababu tumepanda basi: kuona mtu anayejua alipo anataka nini kwenye ramani.

Nyamisati iko ukingoni mwa delta ya Rufiji. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mikoko ya delta hii. Waingereza walikuwa na meli nyingi kuliko Wajerumani, lakini mifereji ya humu hawakuwa na ramani yake, na wenzao walikuwa wamekwisha kuipima. Ikawachukua hadi Julai 1915, kwa ndege zilizoruka kutoka Mafia na meli mbili za vita zinazopita maji mafupi, kuimaliza. Mtu wa ramani akipita hapa lazima akumbuke kwamba ujuzi wa maji ni mali, na mwenye mali haigawi ovyo. Wiki hii nitalisikia hilo tena kutoka kwa watu ambao hawajawahi kusikia habari za Königsberg.

Kivuko kikang'oa nanga maji yakiwa yamejaa. Kwa muda mrefu ulikuwa nasi uji wa kahawia wa Rufiji. Kwenye kompyuta yetu sehemu hii imebaki tupu karibu yote, na sababu yake naiona kwa macho. Picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo kila nukta yake ni mita 10 kwa mita 10, zinaona mwamba chini ya maji safi vizuri sana. Kwenye matope zinaona matope. Tena mafungu ya mchanga ya hapa yanahama mto ukifurika, kwa hiyo hata ukipima leo, masika ijayo umepitwa.

Tukashuka Kilindoni jioni. Chumba, chapati, samaki wa kupaka, kulala.

Jumamosi, Kilindoni

Asubuhi tulikwenda pwani kabla ya mnada wa samaki kuisha. Vyombo vimelala ubavu mchangani, mafundi wanagongea kalafati, pamba ya kuziba nyufa za mbao, harufu ya sifa, mafuta ya papa ya kupaka vyombo, imetanda. Tukamkuta nahodha wa mashua ya dagaa amekaa juu ya kibao cha kuotea jua, anakunywa kahawa ya kashata.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba. Nyinyi ndio watu wa simu?"

Habari zilikuwa zimetutangulia. Akatukaribisha kahawa, akataka kujua kwanza nani anatulipa, halafu nani wazazi wetu. Baada ya hapo ndipo tukaruhusiwa kuuliza.

Programu inahitaji kujua chombo kinazama kiasi gani, ili ionye mapema kabla hakijagusa mwamba. Fomu inadai mita. Nahodha alisimama, akagusa juu kidogo ya goti lake. "Kikiwa kitupu, hapa." Akapandisha mkono hadi kati ya paja. "Na dagaa na barafu, hapa." Nikamwuliza kina cha mlango wanaopitia maji yakipwa. "Kifuani, ila upande wa kusini kiunoni." Kina kirefu zaidi alikitaja kwa pima, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita moja na themanini hivi. Hakuna hata mara moja alipohitaji kufikiri. Mita angeweza kuzitaja pia, ana shule yake, lakini angekuwa anatafsiri, na mtu anayetafsiri usiku kwenye mawimbi hukosea.

Kabla ya adhuhuri mwenzangu alikuwa ameondoa kile kisanduku cha namba. Mahali pake pamechorwa mtu amesimama. Unasukuma maji kwa kidole hadi yanapofika chombo chako, kwanza kitupu, kisha na shehena. Mita zinabaki nyuma, kazi ya mashine.

Mchana tukafanya jaribio la jua. Tulipanga simu juu ya ngalawa iliyopinduliwa, kila moja na rangi zake, saa sita kamili, tukawaomba wapita njia watuonyeshe nchi kavu iko wapi. Ile ramani nzuri ya bluu juu ya bluu, iliyopigiwa makofi ofisini, hakuna aliyeiona. Vijana waliikinga kwa viganja, wazee waliitazama kwa adabu na kuirudisha. Iliyoshinda ina nchi kavu ya njano nzito, maji mafupi ya bluu iliyokolea, kilindi cheupe kabisa na miamba myeusi. Ukiitazama inafanana sana na ramani za karatasi za mabaharia wa meli kubwa. Nao walichorea macho yaliyochoka.

Mama mmoja muuza dagaa alisimama nasi muda mrefu kuliko wote. Yeye hataki ramani, alisema, anataka simu imwambie chombo kitafika saa ngapi ili asiwashe moto bure. Nimeandika. Sijui kama tutaliweza, lakini ni ombi la mtu mwenye kuni za kununua.

Jumapili, usiku wa giza

Mwezi unaandama kesho, kwa hiyo ni giza, na giza ndio msimu wa dagaa. Nahodha alikubali kutuchukua kwa sharti tusitapike ndani ya chombo.

Tukatoka baada ya magharibi. Zamani taa zilikuwa karabai. Sasa ni balbu za betri, nyeupe kali, zimefungwa kwenye mtumbwi mdogo unaoachwa peke yake na mtu mmoja. Dagaa wanajikusanya chini ya taa, mashua inasubiri mbali, injini imezimwa, hakuna anayepiga kelele. Mtu wa taa akiona wametosha anapunguza mwanga, wanapanda juu, ndipo nyavu inazungushwa. Niliona kivuli kikubwa kikipita chini ya mtumbwi, kina madoa mgongoni. "Potwe," alisema baharia pembeni yangu, bila hata kugeuka. Papa potwe huja upande huu wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi kufuata chakula, na watalii hulipa fedha nyingi kuja kumwona.

Simu ilikuwa mikononi mwa Nahodha. Alipoiwasha mara ya kwanza, mwanga ukampiga usoni. "Unaniua macho, mwanangu!" Akaifunika kwa kikoi. Mtu akitazama kioo cheupe gizani, macho yake hupotea kwa dakika nyingi kabla ya kuzoea giza tena, na katika dakika hizo kuna kamba, kuna mtumbwi wa taa, kuna watu majini. Tulikuwa na rangi ya usiku, nyekundu hafifu juu ya nyeusi, lakini ilikuwa imefichwa ndani ya mipangilio. Sasa itajiwasha yenyewe jua likizama, na mwanga wa kioo utashuka pamoja nayo.

Kisha vidole. Mkono wa mvuvi usiku una maji ya chumvi, magamba na ute wa samaki. Kioo kinasoma maji hayo kuwa vidole vingine, ramani inaruka yenyewe hadi Comoro. Nahodha aliipangusa kwenye suruali, nayo imelowa vilevile. Mwishowe akaitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, ambamo huweka pia sigara na kibiriti, akawa anaitazama kupitia kopo. Hapo hakuna kugusa kioo kabisa. Mwenzangu akashika penseli kinywani, akafikiri, akasema: vitufe vya sauti. Vile viwili vya ubavuni vinabonyezeka hata juu ya mfuko laini. Cha juu, weka alama hapa. Cha chini, nionyeshe njia ya kurudi. Ukikibonyeza muda mrefu, simu inasema kwa sauti. Vingine vyote vinaweza kusubiri nchi kavu.

Mnamo saa nane usiku wingu likatufunika. Mvua ya pwani haianzi kidogokidogo. Taa za Kilindoni zikazimika zote, upepo ukageuka, na nikaona fursa ya programu yetu kujitambulisha: mshale mkubwa, umbali, sauti. Nahodha hakuutazama mshale. Aliendelea kushika usukani, kichwa kimeinama kidogo, akilisikiliza wimbi linavyopiga ubavu. Wimbi la kusi, upepo wa kusini, linakuja kwa upande mmoja usiku kucha hata upepo ukihangaika. Ukiliweka mahali pake ubavuni, chombo kinashika njia. Nilikuwa nalinganisha kimyakimya. Mshale na yeye walikubaliana karibu muda wote.

Mvua ilipokatika, tukiwa tunaelekea nyumbani na shehena nzuri, ndipo akauliza swali lake la kwanza kwa simu.

"Maji yamegeuka?"

Hakuuliza yuko wapi. Mbele ya pwani kuna fungu. Maji yakiwa bado yanajaa analipita juu, yakiwa yameanza kupwa na shehena hii anazunguka, na kuzunguka ni mafuta na ni bei ya mnadani. Saa alikuwa nayo, hesabu ya mwezi alikuwa nayo, ila wingu na uchovu vilimtia shaka kidogo. Jibu lilikuwemo kwenye programu. Lilikuwa ukurasa wa tatu ndani ya menyu.

Jumatatu

Tulilala hadi adhuhuri. Kisha tukaitoa menyu na kuyaweka maji mbele.

Hesabu ya maji haihitaji mtandao. Kila mzunguko wa kujaa na kupwa huchukua saa 12 na dakika 25 hivi, kwa kuwa mwezi nao unasonga. Jua huongeza au kupunguza. Ukiwa na vipimo vya bandari moja, simu inaweza kupiga hesabu ya miaka ijayo bila kuuliza mtu. Isichokijua ni upepo mkali unaosukuma maji pwani. Kwa pwani yetu kuna utaratibu unaorahisisha mambo: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Ndiyo maana wazee hawatembei na jedwali. Wanahitaji tarehe ya mwezi tu, mengine yanafuata. Kwa hiyo juu ya ukurasa wa kwanza sasa kuna mwezi na tarehe yake, chini yake mtu yuleyule aliyesimama majini, na maji yanapanda na kushuka mwilini mwake kwa saa.

Ramani nayo ikabadilika. Siku ya bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Mwamba uleule ni njia alfajiri na ni kaburi la mashua saa nne asubuhi. Kumpa nahodha ramani ya miamba isiyo na maji ni kama kumpa msafiri ratiba ya basi isiyo na saa. Sasa, maji yakishuka, miamba inajitokeza kwenye kioo kimoja baada ya kingine, kwa kipimo cha chombo chako: kinachonizuia mimi chaweza kukuruhusu wewe mwenye ngalawa.

Alasiri mfadhili mmoja alipiga simu. Alifurahi sana kusikia tumetoka na wavuvi. Alitaka programu irekodi kila chombo kinapotegea nyavu, itume kila kitu tukifika kwenye mtandao, kisha ichorwe ramani ya joto, yaani ya rangi zinazoonyesha wapi panavuliwa zaidi, ya uvuvi wa Mafia nzima. Nikamwambia nitamjibu Alhamisi.

Jumanne, Utende na Jibondo

Barabara ya Kilindoni hadi Utende ni lami, safari fupi. Utende ndiko lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, kilomita za mraba 822. Ukilipa na kuandikishwa unateremka ufukweni, na mbele yako kuna ghuba ya Chole, na visiwa vya Chole na Juani.

Tulipata mashua ya Jibondo iliyoleta madumu kujaza maji ya kunywa, maana Jibondo ni kisiwa cha mawe na maji yake ya kisima ni haba na ya chumvi. Tulifika maji yameshaondoka, tukatembea tambarare yote ya matumbawe na mwani, simu kichwani. Jibondo wanajulikana pwani nzima kwa mambo mawili, kuvua na kuunda vyombo. Chombo cha urefu wa nyumba kinaundwa kwa jicho, bila mchoro.

Mzee tuliyeelekezwa kwake alikuwa nahodha tangu enzi za tanga tupu. Tulimwamkia, tukakaa mkekani. Nilipomwonyesha ramani yetu aliigeuza. Akaigeuza tena. Kisha akaiweka chini, akasogeza mkeka, akasafisha mchanga kwa kiganja.

Alianza na Jibondo: jiwe kubwa karibu na vidole vya miguu yake. Juani, ganda la nazi, upande wa kushoto. Halafu akachora kwa kijiti ukingo wa miamba, si mstari mmoja bali vipande, na katika kila mwanya akaweka kitu: hapa kombe, maana yake chombo kidogo, hapa mawili, mashua, maji yakiwa yamejaa, hapa kipande cha mkaa, usipite bamvua ukitoka nje kwa tanga. Bahari kuu ilikuwa mbele yake, juu ya mchoro, mashariki. Kaskazini ikaangukia mkono wa kushoto. Ramani yake ilitazama kule anakokwenda kuvua, na nyumbani pamebaki miguuni, pa kurudi.

Mwenzangu akawasha simu, akaizungusha ramani robo: bara chini, bahari juu. Mzee akatazama mara moja, akaweka kidole juu ya Juani bila kusita. "Hii sasa ndiyo." Kwa Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, itakuwa kinyume chake, na kila nahodha atachagua mwenyewe.

Nilimwuliza anavyopapata pahali pa kutega baharini, mahali pasipo chochote ila maji. Akacheka. Unashika mbuyu fulani ukae nyuma ya paa fulani la bati, ukifuata mstari huo hadi ncha ya kisiwa ifunue kitu kingine nyuma yake. Mistari miwili ikikatana, tupa nanga. Inafanana kidogo na hesabu ya setilaiti, ila yake haihitaji chaji. "Na hicho kinachofunuliwa nyuma ya ncha ni nini, Mzee?"

"Hicho ni cha wanangu."

Akatuagizia chai. Mazungumzo ya alama yaliishia hapo, na sikumlaumu.

Jumatano, Kitutia

Mjukuu wake ndiye nahodha wa mashua sasa, na asubuhi alikuwa anakwenda kusini, upande wa miamba ya Kitutia. Tukatoka saa kumi na mbili, maji yameanza kupwa, tanga juu, injini imefunikwa turubai. Mafuta ni ghali, upepo ni bure.

Kusi linakaribia kuisha lakini asubuhi hiyo lilikuwa bado lina nguvu, nalo lilitoka kulekule tunakokwenda. Nikaweka Kitutia kwenye programu. Ikachora mstari mzuri wa zambarau, moja kwa moja, na kutaja muda wa kufika. Nahodha akapiga bisho, yaani kwenda kwa pembe dhidi ya upepo: mbali huku, geuza, mbali kule. Kila alipogeuza, sauti ya simu ikalalamika, umetoka njiani, rudi kushoto. Umetoka njiani. Mabaharia wakaanza kuiitikia kwa pamoja.

"Mwambie huyo bibi anyamaze," alisema Nahodha, "au ashuke aje kushika foromali ya tanga."

Programu za ramani nyingi zimezaliwa barabarani, zimekuja baharini zimevaa maboya. Zinadhani kuna njia na kuna kutoka njiani. Chombo cha tanga hakina njia, kina uwanja. Tulipokuwa tunabisha, mwenzangu alikaa chini ya tanga akiufuta ule mstari. Mahali pake sasa unaonyesha kwa kidole upepo unakotoka, na ramani inatia kivuli upande usioweza kuuendea moja kwa moja. Uwanja uliobaki ni wako. Sauti haisemi lolote mpaka maji yanakaribia kuwa mafupi kuliko chombo. Hapo inasema neno moja, mwamba, na upande.

Kulipokaribia saa tano maji yalikuwa yamekauka barabara. Miamba ikachomoza migongo. Hapa ndipo bildi ilipopata kazi. Data ya kina ya dunia nzima, ile ya GEBCO, kila mraba wake kwa upande mmoja ni kama mita 450. Mwamba mzima wa hapa unamezwa ndani ya wastani wake, na kwenye kioo panaonekana bahari tu. Picha za setilaiti zilitupa umbo. Namba tulizipata kwa risasi. Baharia mmoja alitupa, mwingine akahesabu pima, mimi naandika, na Nahodha kutoka nyuma anasahihisha kabla risasi haijagusa chini. "Tatu na nusu hapo. Sasa mbili. Ngoja, kuna jino." Risasi ikagonga jino. Rangi ya maji inamtosha: kijani kibichi, kijani cha maziwa, kahawia, na ile bluu inayoanza ghafla. Tulipiga picha za rangi hizo ili kuzilinganisha na za setilaiti, na nadhani hiki ndicho kipande cha kazi kilichonifurahisha zaidi wiki nzima.

Walivua kwa mishipi. Changu, chewa wawili wazuri, tasi. Kurudi tulirudi na upepo mgongoni, na nikala wali wa kwao hadi nikaona haya.

Alhamisi, bado Jibondo

Jua kwenye paneli ya jirani, simu zote kwenye chaji, tumekaa barazani tunajaribu. Nahodha mmoja hajui kusoma kabisa, na mikono yake ndiyo iliyoamua mengi. Alama ya nanga aliielewa. Alama ya nyumba aliielewa. Kile kitufe chenye gurudumu la meno, kinachojulikana na kila mwenye simu mjini kuwa ni mipangilio, alisema ni pangaboi la injini, akakibonyeza akitafuta mafuta. Tumekiondoa kwenye ukurasa wa kwanza.

Jambo gumu lilikuwa mipaka ya hifadhi. Ndani ya hifadhi kuna maeneo ya kiini ambako haivuliwi kabisa, maeneo ya matumizi maalumu na maeneo ya matumizi ya jumla. Wengine barazani walisema tukiichora mipaka tutakuwa askari wa doria ndani ya mfuko wa mvuvi. Nahodha wa jana hakukubali. Boya likikatika, alisema, mpaka unahama kinywani mwa anayekukamata. Afadhali nami niwe na wangu. Wakabishana hadi adhana ya adhuhuri. Tulichokubaliana: mpaka utaonekana kwa rangi, programu haitaandika popote kwamba umeuvuka, wala haitamtumia mtu yeyote habari hiyo.

Na alama za kuvulia zinabaki ndani ya simu. Hakuna akaunti, hakuna kupandisha mtandaoni, unaweza kuzifunga kwa namba yako ya siri, na ukitaka kumrithisha mwanao unamgusisha simu kwa simu mkiwa mmekaa pamoja. Kinachoweza kutoka ni kimoja tu: ukizidiwa baharini, unabonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja, simu inatuma ujumbe mfupi wa kawaida wenye mahali ulipo kwa watu uliowachagua mwenyewe. Ujumbe mfupi hupenya hata pale ambapo intaneti haifiki.

Nikampigia mfadhili nikiwa juu ya jiwe lenye mtandao. Alinyamaza kidogo, akasema basi bajeti ya mwaka ujao italazimika kutazamwa upya. Itazamwe. Nahodha akijua simu inamsengenya ataitupa majini, na wewe na ramani yako ya joto mtabaki na bahari tupu.

Ijumaa, Kilindoni

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa angalizo la upepo mkali, kivuko hakikuondoka. Pwani ilijaa vyombo vilivyopandishwa na watu wasio na kazi, na kwa msanifu hakuna siku bora kuliko hiyo. Nahodha wa dagaa alitukuta, akaichukua simu, akaangalia mtu aliyesimama majini, akatoka nje kuiangalia bahari, akarudi. "Anasema kiunoni. Ni kiunoni kweli." Akaomba tumwekee kwenye simu yake.

Aliyetukamata hasa ni kijana fundi wa injini. Yeye mwamba haumtishi. "Kaka, mafuta. Inaweza kuniambia dumu hili litanirudisha?" Alituambia watu wengi wanaokotwa wakielea si kwamba wamepotea, wanajua kabisa walipo, mafuta yamekata na mkondo unawapeleka. Injini yake ya farasi 15 inakunywa lita sita kwa saa kwenye maji tulivu, ukipigana na mkondo umbali unapungua na lita ni zilezile. Alichukua kipande cha mkaa akatuandikia hesabu yake kwenye ukuta wa banda: dumu la lita 20, theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya Mungu.

Mahali ulipo tunapajua, mwendo tunaujua, na maji yakikupinga simu inaona mwenyewe kwamba mwendo umeshuka. Kilichokosekana ni kumwuliza nahodha ana madumu mangapi na injini gani. Tukachora madumu yaliyopangwa mstari, unagusa uliyonayo. Theluthi ya kwenda ikiisha, simu inatetemeka mara mbili na kutaja saa ya kugeuza. Fundi akataka na mbadala wa kuzima mtetemo huo. Tukabishana naye hadi magharibi, akashinda nusu: unazimika, lakini kwa safari hiyo moja tu. Kivuko kiliondoka Jumamosi asubuhi, naye bado alikuwa anamtumia mwenzangu ujumbe wa sauti, injini ya farasi 40 nayo hesabu yake iwe hivi.